Watasoma Nini Baada ya Gharika?

Katika mji wa Atlanta, nchini Marekani, chini ya jengo mojawapo la Chuo Kikuu cha Oglethorpe, upo mlango wa chuma kisichoshika kutu ambao haukukusudiwa kufunguliwa na mtu yeyote aliye hai leo, wala na mjukuu wake, wala na kilembwe chake. Ulifungwa na kuchomelewa tarehe 25 Mei, 1940. Mwaka wa kuufungua umekwisha tajwa: ni mwaka 8113.

Aliyebuni jambo hilo alikuwa mkuu wa chuo hicho, Dk. Thornwell Jacobs. Mtu huyu alisikitishwa na uchache wa habari tulizo nazo juu ya watu wa kale, akaona kuwa kizazi chake kina deni kwa vizazi vitakavyokuja. Hesabu aliyoifanya ni ya ajabu kidogo. Alichukua mwaka 4241 K.K., ambao wasomi wa wakati ule waliudhani kuwa ndio mwaka wa kwanza wenye tarehe ya hakika katika historia, kwa mujibu wa kalenda ya Misri. Kutoka hapo hadi mwaka 1936, alipoandika makala ya kutangaza mpango wake, aliona imepita miaka 6177. Basi akaongeza miaka mingine 6177 mbele, akapata 8113. Wasomi wa leo hawaikubali tena ile tarehe ya Misri, kwa hiyo msingi wa hesabu umeporomoka, lakini mlango umebaki pale pale ukingoja.

Ndani yake mna chumba chenye urefu wa mita sita hivi na upana wa mita tatu. Mna maikrofilamu za zaidi ya kurasa 640,000, na sanamu za kuchezea watoto, na chupa ya bia, na sauti za wakubwa wa dunia wa zama zile zilizonaswa kwenye santuri: Roosevelt, Hitler, Mussolini, Stalin. Mna hata sauti ya bingwa wa kuita nguruwe. Nacheka kila nikikumbuka hilo, lakini pengine huyo wa nguruwe atawafaa zaidi watu wa mwaka 8113 kuliko wale wanne wengine.

Kinachonifanya nimheshimu Jacobs na msaidizi wake, T. K. Peters, ni kwamba waliufikiria ujinga wa mgeni atakayeingia. Hawakudhani kuwa atajua Kiingereza. Kwa hiyo wakaweka mashine ya kumfundisha: picha ya kitu inajitokeza, na jina lake linatajwa. Hawakudhani kuwa atakuwa na umeme. Wakaweka zana za kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo, na endapo hata hiyo itashindikana, wakaweka kioo cha kukuzia maandishi kwa mkono tu. Huo ni unyenyekevu ambao siuoni kwa wengi wanaotunza kumbukumbu siku hizi.

Siku mlango ule ulipofungwa, majeshi ya Waingereza na Wafaransa yalikuwa yakirudi nyuma kuelekea bandari ya Dunkirk. Walioufunga walikuwa na sababu ya kuamini kuwa ulimwengu waliouzoea ungeweza kwisha kabla wao wenyewe hawajafa.

*

Sasa nikupeleke, ndugu msomaji, mahali pengine, ambapo hakuna aliyekusudia kutuachia chochote.

Mji wa Ninawi ulikuwa karibu na ulipo Mosul ya leo, nchini Iraki. Katika karne ya saba kabla ya Kristo ulikuwa makao makuu ya dola ya Ashuru, na mfalme wake, Ashurbanipali, alijisifu kwa jambo ambalo wafalme wachache wa zamani walijisifu nalo: alijua kusoma na kuandika. Alikusanya maandishi kutoka kila pembe ya dola yake, aghalabu kwa kuwaagiza watu wake wayatafute katika mahekalu na nyumba za waganga na makuhani. Yaliandikwa kwa mwandiko wa kabari, yaani kwa kuchapa ncha ya tete katika udongo mbichi, kisha kibao kikaachwa kukauka.

Mwaka 612 K.K. Wamedi na Wababeli waliuvamia Ninawi, wakauteka na kuuteketeza. Ikulu ilishika moto, na sakafu zikaporomoka pamoja na vibao vilivyokuwa juu yake. Hapo ndipo pana mzaha wa historia. Moto huo huo uliokomesha dola ya Ashuru ulivichoma vile vibao kama mfinyanzi achomavyo vyungu, na vingi vikawa vigumu kuliko vilivyokuwa. Laiti ungekuwa mji wa amani uliohamwa polepole, vingi vingelainika kwa maji na kurudi kuwa tope.

Lakini si vyote vilivyopona. Maktaba ile ilikuwa pia na mbao zilizopakwa nta, na wenyewe waliziorodhesha, ndiyo maana tunajua kuwa zilikuwepo. Nta iliyeyuka na mbao zikawa majivu. Kadhalika ngozi na mafunjo yaliyoandikwa Kiaramu, lugha iliyokuwa ikienea wakati ule, hayakubaki. Yaani kilichokuwa cha kisasa na chepesi kubeba ndicho kilichopotea, na cha kale, kizito na cha kuchosha ndicho kilichobaki.

Vibao vililala ardhini kwa zaidi ya miaka 2,400, hadi Austen Henry Layard, na baada yake Hormuzd Rassam, ambaye alikuwa mzaliwa wa Mosul, walipovifukua kati ya mwaka 1849 na 1853. Hivi leo vipande zaidi ya 30,000 vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Walakini kuvipata si kuvisoma. Mtu wa mwisho aliyejua mwandiko huo alikufa katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Alikufa lini, wapi, alikuwa nani, hakuna ajuaye. Nadhani naye hakujua kuwa ndiye wa mwisho.

Ufunguo ulipatikana kwenye jabali la Behistun, huko Iran, ambako mfalme Dario aliagiza habari za ushindi wake zichongwe kwa lugha tatu. Ofisa mmoja wa Kiingereza, Henry Rawlinson, alianza kuyanakili maandishi hayo katika miaka ya 1830, akining'inia juu ya ngazi. Sehemu ya Kibabeli ilikuwa mahali pa hatari zaidi, naye hakuweza kuifikia. Aliyeifikia, mwaka 1847, ni kijana wa Kikurdi aliyetambaa juu ya mwamba kwa kamba na vigingi, akachukua chapa za maandishi kwa karatasi zilizoloweshwa. Rawlinson alitusimulia ushujaa wake lakini hakutuachia jina lake. Jina la Dario limo katika jabali lile mara nyingi.

Hata baada ya hapo watu wengi hawakuamini kwamba mwandiko ule unasomeka. Kwa hiyo mwaka 1857 wataalamu wanne, Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, walipewa maandishi yale yale yaliyokuwa yamefukuliwa karibuni, kila mmoja akayafasiri peke yake na kupeleka kazi yake kwa bahasha iliyofungwa. Bahasha zilipofunguliwa mbele ya kamati mjini London, tafsiri zilikubaliana katika mambo ya msingi. Lugha iliyokuwa imekufa kwa muda wa miaka ipatayo 1,800 ikafufuka. Miaka kumi na mitano baadaye George Smith, aliyekuwa fundi wa kuchonga noti, akasoma katika kibao cha Ninawi habari za gharika kuu, na mtu aliyejenga jahazi, na ndege aliyetumwa kutafuta nchi kavu. Katika maktaba iliyoungua, mojawapo ya mambo ya kwanza tuliyoyapata ni hadithi ya namna watu walivyookoka maangamizi.

*

Nionavyo mimi, jambo kubwa hapa si udongo wala moto. Jambo kubwa ni jabali la Behistun, yaani kupatikana kwa lugha moja iliyoshikana na nyingine kama mnyororo. Pasipo mnyororo huo, vibao vyote 30,000 vingekuwa matofali yenye alama za ndege. Na mnyororo hukatika upesi kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1086, kwa agizo la mfalme William wa Uingereza, sehemu kubwa ya nchi iliorodheshwa: mashamba, majembe, vinu, watu. Kitabu hicho, Domesday, kiko hadi leo, na ajuaye Kilatini cha zama hizo hukisoma. Mwaka 1986, kwa kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, shirika la utangazaji la BBC liliandaa Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walichangia picha na maelezo ya mahali wanapoishi. Yote yaliwekwa katika sahani za leza, za kusomwa kwa kompyuta maalumu. Haikupita miaka ishirini, mashine zenye uwezo wa kuzisoma zikawa zimekwisha adimika, na ilibidi wataalamu wa vyuo vikuu wahangaike mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kuyaokoa yaliyomo. Ngozi ya kondoo ilikuwa imepita miaka mia tisa bila msaada wa fundi.

Wajerumani wamelielewa hili. Tangu mwaka 1975 wamekuwa wakihifadhi nakala za nyaraka zao muhimu katika mgodi wa zamani uitwao Barbarastollen, karibu na Freiburg, ndani ya mapipa ya chuma. Wanatumia filamu, si kompyuta. Filamu ya namna hiyo huhesabiwa kudumu miaka mia tano, na anayetaka kuisoma anahitaji mwanga na kioo cha kukuzia, basi.

*

Lakini ujuzi hauhifadhiwi kwa maandishi peke yake, na hapa ndipo habari ya Leningrad inapoingia.

Nikolai Vavilov alikuwa mtaalamu wa mimea wa Kirusi. Alizunguka dunia akikusanya mbegu. Mwaka 1927 alifika hata Uhabeshi, akaondoka na aina za ngano na shayiri ambazo wakulima wa milimani walikuwa wamezichagua kwa karne nyingi. Fikira yake ilikuwa kwamba kila punje ni kazi ya maelfu ya wakulima wasiojulikana, na kwamba ikipotea hakuna mtu wala serikali iwezayo kuitengeneza upya. Katika taasisi yake mjini Leningrad alikusanya sampuli za mbegu zaidi ya laki mbili.

Mwezi wa Agosti 1940 alikamatwa na serikali yake mwenyewe, kwa kuwa elimu yake ya urithi wa viumbe ilipingana na nadharia zilizopendwa na wakubwa. Mwaka uliofuata, Septemba 1941, majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji wa Leningrad, na mzingiro haukuondoka hadi Januari 1944. Watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Walikula gundi, walikula mikanda ya ngozi.

Na katikati ya mji huo palikuwa na jengo lililojaa mchele, ngano, mahindi, njugu na viazi. Wafanyakazi wa taasisi walijifungia nalo. Walivuna viazi vya mbegu mashambani huku mizinga ikinguruma, wakavileta ndani na kuwasha chochote kiwakacho ili visigande kwa baridi. Walikesha kwa zamu kuwafukuza panya. Wala hawakula. Aleksandr Shchukin, mtaalamu wa njugu, alifia kwenye meza yake ya kazi. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa kwa njaa huku maelfu ya vifuko vya mpunga vikiwa vimemzunguka. Wengine kadhaa walikufa vivyo hivyo. Vavilov mwenyewe alifia gerezani huko Saratov, Januari 1943, naye pia kwa sababu ya utapiamlo. Mtu aliyetaka kuwalisha watu wote.

Nimewahi kuwasimulia watu habari hii, na mara zote huulizwa: je, walikuwa na haki? Mama mwenye mtoto anayekufa nyumba ya pili, wewe una gunia la mchele. Sina jibu la kuwatosha. Najua tu kwamba sampuli chache za mpunga, kwa mji wa mamilioni, zingekuwa mlo wa siku moja, na kwamba wao waliupima mlo huo dhidi ya mavuno ya nchi nzima baada ya vita. Walijipimia wenyewe kwanza.

Mbegu za leo zina ngome yao. Tarehe 26 Februari, 2008, katika kisiwa cha Spitsbergen, kiasi cha kilomita 1,300 kutoka Ncha ya Kaskazini, ghala la mbegu la Svalbard lilifunguliwa ndani ya mlima. Waliopeleka sanduku la kwanza ndani walikuwa Waziri Mkuu wa Norwe, Jens Stoltenberg, na mwenzetu, marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Ndani ya ghala hali ya hewa ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa sasa limo zaidi ya sampuli milioni moja. Magazeti yaliliita ghala la siku ya kiama, na wengi tulidhani kuwa kiama kitakuwa kimoja kwa dunia nzima. Haikuwa hivyo. Mbegu za kwanza kutolewa humo zilitolewa mwaka 2015 kwa ajili ya kituo cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, kilichokuwa karibu na mji wa Aleppo, Syria. Vita vilikuwa vimewazuia wataalamu kukitumia kituo chao. Mbegu zilipandwa Lebanoni na Moroko, zikavunwa, na mwaka 2017 nakala zikaanza kurudishwa mlimani. Kiama kilifika wilaya moja, ilhali kwingine watu walikuwa wakinywa chai.

Hata hivyo sanduku la mbegu halisemi. Tuchukue muhogo, ambao Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika. Mihogo michungu ina sumu, na bibi zetu walijua namna ya kuitoa: kumenya, kuloweka, kuvundika, kuanika hadi yawe makopa, ndipo kutwanga. Kila hatua ina siku zake. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime huku kwetu Tanzania, njaa iliwafanya watu wafupishe siku hizo, na baadhi yao wakapooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo, neno la Kiyaka la huko Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Wenyewe walizijua zile hatua. Walichokosa ni muda. Sasa mfikirie mtu wa mwaka 8113 mwenye kikonyo cha muhogo mkononi na asiye na bibi.

*

Sisi wa pwani tumekwisha pata gharika yetu, nayo ilikuja kimya kimya, bila moto. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Utendi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728. Mwanzoni mwa karne ya ishirini serikali ya Kijerumani ikahamisha kazi zake kwenye herufi za Kirumi, Waingereza wakaendeleza, shule zikafuata. Mimi sisemi kuwa herufi za Kirumi ni mbaya; ndizo ninazoandikia. Nasema kwamba katika vizazi viwili au vitatu wengi wetu tuligeuka kuwa wageni mbele ya masanduku ya babu zetu. Wapo walioliona hilo mapema. Muhammad Kijuma wa Lamu alinakili tenzi kwa mkono wake hadi uzeeni. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati, nazo zimetunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho walipelekwa makwao kuwahoji wazee walioiona vita ya Maji Maji kabla wazee hao hawajaondoka na habari zao.

Na mwandiko ule wa zamani una siri yake. Herufi moja ilitumika kwa b, p na mb. Nyingine kwa f na v. Na alama moja kwa u na o. Msomaji alipaswa kuijua lugha kabla ya kusoma. Nusu ya neno ilikuwa kwenye karatasi na nusu kichwani mwa msomaji.

Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mwalimu wa chuoni huko Kilwa, aliacha daftari la namna hiyo. Baada ya mama kufariki nililichukua nikampelekea mzee mmoja, mwanachuoni, miongoni mwa wachache nijuao wanaousoma mwandiko huo bila kusita. Nilikaa naye alasiri nzima. Mlikuwa na madeni, kuzaliwa kwa watoto, dua, dawa ya homa, na kurasa mbili za mambo ya shamba: mpunga gani upandwe bondeni na upi upandwe palipoinuka, na mvua zikichelewa ufanyeje. Mpunga wa kustahimili ukame ndio aliousifu zaidi.

Mzee alilisoma jina lake: kifuba. Akanyamaza, akalirudia: au kivumba. Akaniuliza mimi watu wa kwetu huuitaje. Nikamwambia sijapata kuusikia mpunga huo. Akaandika majina yote mawili pembeni, kwa kalamu ya risasi, kwa herufi za Kirumi.

Nimepiga nakala tatu za daftari lile. Moja iko kwa dada yangu Lindi, moja kwa mzee, na moja ninayo. Kila niendapo Kilwa huwauliza wakulima wazee juu ya mpunga huo, kwa majina yote mawili. Bado kuna vijiji viwili vya bondeni sijavifikia.